Lenzi ya mara 10 kwa anayetaka kuvijua vigoga

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipotezewe muda: ukitaka kuvijua vigoga, ile mimea midogo ya kijani inayotanda juu ya mawe na magome, na jamaa zake, nunua lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, ile yenye vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja. Hadubini inaweza kusubiri. Hata vitabu vinaweza kusubiri kidogo. Lenzi isisubiri, kwa sababu bila hiyo kila kijani kilichotambaa juu ya jiwe au gome la mti kitaonekana kitu kimoja, na utapita kando ya koo tatu tofauti za mimea zilizoota pamoja kwenye eneo la kiganja bila kujua umepita.

Kazi yangu ni kupanga vielelezo vya mimea iliyokaushwa, na mara kwa mara hutoka na wanafunzi kwenda kuiangalia ikiwa hai. Lenzi ninayoizungumzia imening'inia shingoni mwangu kwa miaka. Jina la kiwanda limeshafutika kwenye ganda lake, nalo si hoja: lenzi za aina hii hutengenezwa na viwanda vingi, na ubora wake unapimika kwa macho yako mwenyewe kabla hujatoa pesa.

Yangu ni ya chuma, inakunjika na kuingia ndani ya ganda lake, na ukubwa wake haufiki kidole gumba. Kioo kina upana wa milimita 18 hivi. Vile vioo vitatu vina kazi maalumu. Lenzi ya kioo kimoja huotesha rangi pembeni, ukaona mstari wa zambarau au wa manjano umezunguka kila jani, na huipinda picha kadiri unavyotoka katikati. Kwa anayesoma maandishi madogo hilo halina neno. Kwa kigoga ni balaa, maana nusu ya utambuzi iko kwenye ukingo wa jani. Je, ukingo una meno? Umejikunja kwa nyuma? Una safu ya seli ndefu zenye rangi yake? Lenzi ikikuongezea rangi ya uongo hapo ukingoni, imeshakupotosha. Ijaribu juu ya karatasi ya miraba. Mistari ikibaki imenyooka mpaka pembeni, na weusi wake ukabaki weusi, hiyo ichukue.

Halafu kuna suala la namba, na hapa watu wengi wanaibiwa. Ukuzaji wa lenzi unapatikana kwa kugawanya milimita 250 kwa umbali wa fokasi wake. Ya mara 10 inaona sawasawa kitu kikiwa karibu milimita 25 kutoka kwenye kioo. Ya mara 20 inataka milimita 12 na nusu. Ya mara 30 inataka milimita 8 tu, yaani kitu kiwe kinakaribia kugusa kioo. Kwa hiyo ukikuta lenzi pana, ya bei ya chini, ganda limechapwa namba 30, na bado inasoma herufi vizuri ikiwa sentimita mbili na nusu kutoka kwenye karatasi, ujue hiyo ni ya mara 10 iliyovalishwa namba kubwa, na mara nyingi ni ya kioo kimoja. Rula ndogo inatosha kumaliza ubishi. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wasisome kilichoandikwa kwenye ganda, wapime.

Zipo pia zenye vitaa pembeni. Nimezitumia na kwa kazi hii sizipendi. Taa inalipiga jani kutoka mbele, jani likiwa limelowa linameremeta, na kile unachokitafuta kinapotelea kwenye mng'ao. Jani la kigoga kwa kawaida lina unene wa seli moja tu, hivyo mwanga unaofaa ni ule unaopita ndani yake kutoka nyuma. Shika kijiti kimoja kwa ncha za vidole, kielekeze kwenye anga nyeupe, usielekeze kwenye jua lenyewe, na kama jani lina mshipa wa kati utauona mara moja, mweusi na ulionyooka. Taa haikupi hilo. Inasaidia usiku na mapangoni, basi.

Namna ya kuishika ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Wageni wengi huinyoosha lenzi mbele yao jinsi wapelelezi wa kwenye picha wanavyofanya, halafu wanalalamika kwamba haioni. Lenzi inakaa kwenye jicho. Iguse nyusi, au iguse kioo cha miwani kwa sisi tunaovaa miwani, kisha mmea ndio uletwe mpaka uonekane safi. Kama mmea uko kwenye jiwe na hutaki kuung'oa, na mara nyingi usiung'oe, piga magoti na upeleke uso wako pale ulipo. Beba chupa ndogo ya kupuliza maji. Kigoga kikavu kimejikunja na kinakuficha kila kitu. Tone moja la maji na majani yanafunguka ukiangalia. Katika jenasi Syntrichia, ambayo spishi zake kadhaa huishi jangwani na juu ya kuta kavu, majani yaliyokuwa yamejisokota kuzunguka shina yanatanuka na kuinama nje kwa muda wa pumzi chache. Ncha ya kila jani ina unywele mweupe mrefu, na katika Syntrichia caninervis unywele huo hunasa umande na ukungu na kuyashusha maji mpaka kwenye jani. Nimeshaona watu wazima wakipiga kelele ya furaha kwa kuona jani likifunguka.

Sasa kazi yenyewe. Briofita ni mimea isiyo na maua, isiyo na mbegu na isiyo na mizizi ya kweli. Inajishikiza kwa vinyweleo na kunywa maji kwa mwili mzima. Spishi zilizokwisha kuelezwa duniani zinakaribia 20,000, nazo ni makundi makuu matatu: vigoga, ambavyo ni 12,000 na zaidi, livawoti, zaidi ya 7,000, na honiwoti, kikundi kidogo cha spishi 200 na ushei. Lenzi ya mara 10 itakufikisha kwenye kundi sahihi karibu kila mara. Kwa chombo kinachoingia mfukoni, hiyo ni huduma kubwa.

Tazama majani yamepangwa vipi. Kigoga hupanga majani yake kulizunguka shina pande zote, na mengi yana mshipa wa kati. Livawoti zenye majani, ambazo ndizo nyingi kuliko zile bapa, huyapanga kwa safu mbili zilizolala kushoto na kulia, na chini ya shina mara nyingi kuna safu ya tatu ya majani madogo. Geuza kijiti ukaangalie tumboni. Mshipa wa kati hawana kabisa, na jani linaweza kupasuka ncha mbili, tatu au nne, jambo ambalo jani la kigoga halifanyi. Katika Frullania kila jani lina kipande kidogo kilichojikunja upande wa chini kikawa kibweta cha kuwekea maji, chenye umbo la kofia ya chuma. Kwa macho matupu Frullania ni doa la kahawia kwenye gome. Kwenye lenzi ni safu za vibweta vilivyopangana, kimoja chini ya kila jani, na ukishaviona mara moja hutamkosea tena.

Kuna mtego mmoja wa kumwonya mgeni. Fissidens ni kigoga, lakini majani yake yako kwenye safu mbili bapa. Lenzi inakuokoa: jani lina mshipa wa kati, na sehemu yake ya chini imegawanyika ikawa mfuko unaolishika shina pande zote mbili. Mfuko huo hauko kwenye jenasi nyingine yoyote ya karibu, na unaonekana vizuri kabisa kwa mara 10 ukielekeza kwenye mwanga.

Livawoti bapa, zile zinazotambaa bila majani, zina raha yake. Weka lenzi juu ya Marchantia polymorpha na utaona mgongo wake umegawanyika miraba yenye pembe nyingi, na katikati ya kila mraba kuna tundu. Ni matundu ya hewa. Mara nyingi kuna pia vikombe vidogo vyenye ukingo wa mviringo, ndani yake visahani vya kijani vinavyorushwa na matone ya mvua na kwenda kuota pengine. Jamaa yake Lunularia cruciata, ambayo imesambaa kwenye vitalu vya maua sehemu nyingi za dunia, ina ukingo wa nusu tu, wenye umbo la mwezi mwandamo. Kutofautisha hizo mbili ni kazi ya sekunde moja, na huwa ndiyo mtihani wangu wa kwanza kwa mwanafunzi mpya.

Honiwoti nazipenda kupita kiasi, pengine kwa sababu ni chache na watu huzikanyaga. Juu ya udongo mtupu wenye unyevu ni kijani bapa kisicho na umbo la maana, mpaka pembe zitoke. Pembe hiyo haina kikonyo; inakua kutoka chini, mfululizo, huku ncha yake ikipasuka vipande viwili na kumwaga spora, yaani chembe za kuzalia. Angalia rangi ya spora pale ilipopasuka: zikiwa za manjano, uko kwenye Phaeoceros au jamaa zake, zikiwa nyeusi au kahawia iliyoiva, uko kwenye Anthoceros. Kisha tazama mwili wenyewe dhidi ya mwanga. Vidoa vyeusi vya bluu ndani yake ni makazi ya Nostoc, bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuigawa kwa mwenyeji wao.

Na hapa lenzi inafika mahali ambapo maabara za jeni zimefika kwa njia ndefu. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kundi lipi kati ya haya matatu lilitangulia kujitenga. Uchambuzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2018 ulivipa vigoga na livawoti jina moja la pamoja, Setaphyta, yaani wenye kikonyo, kile kijiti kinachobeba kifuko cha spora, honiwoti zikabaki pembeni kama dada yao. Kikonyo hicho unakiona mwenyewe. Cha kigoga ni kigumu, cha kahawia au chekundu, na hudumu kwa wiki au miezi. Cha livawoti ni laini na hakina rangi, kinarefuka ghafla, kifuko kinapasuka vipande vinne, kisha chote kinanyauka. Ukikipata cha livawoti kikiwa wima, umebahatika. Kaa hapo hapo ukitazame.

Lakini mahali lenzi hii inapolipa kila senti ni kwenye mdomo wa kifuko cha spora cha kigoga. Kama kuna jambo moja ninalotaka mtu alijaribu baada ya kusoma haya, ni hili. Tafuta kigoga chenye vifuko vilivyokomaa, ambavyo kifuniko kimeshaanguka. Leta mdomo wa kifuko mbele ya lenzi. Utaona duara la meno. Katika vigoga vingi, wale wa ngeli (kundi kubwa la uainishaji) ya Bryopsida ambayo imebeba karibu asilimia 95 ya spishi zote, meno ya nje ni 16, marefu, yamechongoka, na yana mistari ya kukata iliyopangwa kwa nafasi sawa. Ndani yake mara nyingi kuna duara la pili, jeupe, laini. Sasa lipulizie hewa ya mdomo wako, taratibu. Unyevu ukiyafikia, meno yanasogea. Katika spishi nyingi yanajikunja kwenda ndani na kufunga mlango. Yakikauka yanatoka tena nje, mengine yakibeba spora juu yake. Hakuna neva wala msuli hapo. Ni kuta za seli zilizokufa, upande mmoja ukivuta maji kuliko mwingine. Hewa ikiwa kavu, ambayo ndiyo inayosafirisha spora vizuri, mlango uko wazi. Hewa ikiwa na maji, umefungwa.

Meno haya ndiyo yaliyojenga uainishaji wa vigoga. Mtaalamu wa mimea Johannes Hedwig, aliyefariki mwaka 1799, alitumia hadubini na kuyahesabu na kuyachora, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1801 baada ya kifo chake kikawa mahali majina ya vigoga yalipoanzia kuhesabiwa, isipokuwa Sphagnum. Baadhi ya aliyoyaona hayahitaji hadubini hata kidogo. Polytrichum ina meno mafupi 64, nayo yamefungwa juu kwa utando mweupe, spora zinatoka kwenye nafasi za pembeni kama chumvi inayotikiswa kwenye kikopo chenye matundu. Tetraphis ina meno manne tu, makubwa. Octoblepharum albidum, ambacho kimeenea nchi za joto dunia nzima na hupenda mashina ya minazi na michikichi, kina manane. Andreaea haina meno wala kifuniko: kifuko kinapasuka ubavuni kwa nyufa nne, kikikauka kinafupika nyufa zikafunguka. Na Sphagnum haina meno vilevile. Kifuko chake kinabanwa kinapokauka mpaka kinalipuka na kurusha spora zaidi ya sentimita 10 kwenda juu. Mara 10 inatosha kwa vyote hivyo. Nani angedhani kwamba mgawanyo wa ngeli nzima za mimea unaweza kusomwa kwa kitu kilichofungwa kwa kamba shingoni?

Lenzi hiyo hiyo inakupa dunia tofauti kulingana na mahali unapoipeleka, na usambaaji wa mimea hii haufuati kanuni uliyoizoea kwenye miti. Kwa miti, ukienda kuelekea ncha za dunia, spishi zinapukutika. Vigoga vinapungua polepole sana, na pengine havipungui. Antaktika ina spishi mbili tu za mimea ya maua ya asili, lakini vigoga vinazidi 100. Uingereza na Ireland kwa pamoja zina takriban spishi 1,100 za briofita, wakati Ulaya nzima ina kama 1,800. Visiwa vile viwili vyenye mvua na baridi ya wastani vinabeba zaidi ya nusu ya hazina ya bara. Huko lenzi itakuwa na kazi mwaka mzima, tena majira ya baridi ndiyo bora, kwa kuwa miti imepukutisha majani na mawe yamelowa.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni kusini kabisa mwa Chile, kwenye visiwa vya Cape Horn. Eneo hilo ni chini ya asilimia 0.01 ya nchi kavu ya dunia, lakini lina zaidi ya asilimia 5 ya spishi zote za briofita. Mwaka 2005 lilitangazwa kuwa hifadhi ya baiyosfia, na idadi hiyo ya vigoga na livawoti ilikuwa sehemu ya hoja. Katika bustani ya Omora, kwenye kisiwa cha Navarino, mwanaikolojia Ricardo Rozzi na wenzake walianzisha utalii ambao mgeni hupewa lenzi na kutembezwa kwenye kile wanachokiita misitu midogo. Sijui sifa nyingine kubwa zaidi ambayo chombo hiki kimewahi kupewa: watu wanasafiri mpaka mwisho wa bara, wanafika, na wanachofanya ni kupiga magoti.

Nchi za joto zinailipa lenzi kwa namna nyingine. Kwenye nyanda za chini zenye joto, vigoga si vingi sana; panda mlima mpaka kwenye msitu wa ukungu na hesabu inageuka. Katika milima ya Rwenzori, miti ya Erica imevikwa vigoga na livawoti kwa unene unaoficha matawi. Katika milima ya Uluguru, mtaalamu wa briofita Tamás Pócs alipima jinsi mimea hii inayokaa juu ya miti inavyoshika maji ya mvua na ukungu, akachapisha mwaka 1980, na tangu hapo ni vigumu kuongea juu ya vyanzo vya maji vya misitu ya milimani bila kuitaja. Livawoti ndizo zinazotawala huko. Chukua jani la kichaka cha chini, lile ambalo limezeeka na lina vidoa vya kijani kibichi. Weka lenzi. Vile vidoa ni mimea mizima, ina mashina, majani na mara nyingine vifuko, yote ikiishi juu ya jani la mwenzake. Ni Lejeuneaceae, familia kubwa kuliko zote za livawoti, yenye spishi zaidi ya 1,000.

Na kuna wale walioenea kila mahali, ambao nawapendekeza kwa mtu wa mjini asiyeweza kwenda mlimani. Bryum argenteum kiko kwenye mabara yote, Antaktika ikiwemo, na hukaa kwenye nyufa za lami na sakafu za saruji. Kinaonekana cha fedha, na lenzi inakuonyesha sababu: sehemu ya juu ya kila jani haina kijani kabisa, ni seli tupu zinazopitisha mwanga. Spora za vigoga ni ndogo mno na upepo unazibeba mbali, ndiyo maana jenasi moja unaweza kuikuta mabara matatu. Watu nao huzibeba. Campylopus introflexus ni kigoga cha nusu ya kusini ya dunia. Uingereza kilionekana kwanza mwaka 1941, na sasa kinafunika maeneo makubwa ya vilima vya mchanga vya pwani ya Ulaya. Ukikiangalia kutoka juu kikiwa kikavu, nywele nyeupe za ncha za majani zimepinda nje na kutengeneza nyota. Alama hiyo ni ya lenzi, na anayeijua anaweza kutoa taarifa ya mgeni huyo mapema.

Mipaka ya chombo hiki ipo na ni lazima isemwe wazi. Seli moja moja hutaziona, wala vijipele vilivyo juu ya seli, wala umbo la jani likikatwa kwa wembe. Kwa jenasi kama Bryum, nje ya spishi chache zenye sura ya pekee, bila hadubini utaishia kwenye jenasi. Livawoti zina matone ya mafuta ndani ya seli zao, kitu ambacho hakuna mmea mwingine wa nchi kavu ulionacho kwa namna ile, na umbo na idadi ya matone hayo hutenganisha spishi. Lenzi haiyafikii, tena yakikauka yanapotea, kwa hiyo ni hadubini na mmea mbichi. Sphagnum utaitambua kwa urahisi kwa vichwa vyake na matawi yaliyofungana mafungu, ila spishi zake nyingi zinataka seli zichunguzwe, zile kubwa zilizokufa zenye matundu ambazo zinaifanya ibebe maji mara nyingi ya uzito wake. Hiyo ndiyo mimea iliyojenga sehemu kubwa ya peti ya kaskazini, yaani udongo wa mabaki ya mimea yasiyooza kabisa, na peti, ikiwa kwenye asilimia 3 tu ya nchi kavu, imehifadhi sehemu kubwa ajabu ya kaboni ya udongo wa dunia. Inastahili hadubini.

Hata hadubini ina mahali inapofika mwisho. Takakia ilielezwa mwaka 1958 kutoka Japani na Hattori na Inoue, wakaiweka kwenye livawoti, kwa kuwa majani yake ni vidole vidogo visivyofanana na vya kigoga chochote. Mimea ya kike ilijulikana. Yenye vifuko haikuwahi kuonekana. Katika miaka ya 1990 ilipatikana kwenye visiwa vya Aleuti, Alaska, ikiwa na vifuko, vyenye kikonyo kigumu na ufa mmoja wa kuzunguka, na ikabidi ihamishwe kwenda kwa vigoga. Sasa ina ngeli yake yenyewe. Kisa hiki namweleza kila mwanafunzi anayenijia na kijiti kisicho na kifuko akitaka jina la spishi papo hapo. Rudi mahali ulipokiona, subiri vifuko, kisha tuongee.

Kuhusu uimara sina lawama kubwa. Skrubu inayoshikilia ganda hulegea, na kila baada ya muda naikaza kwa bisibisi ya miwani. Vioo vilivyogandishwa havipendi maji ya moto wala spiriti. Mimi husafisha kwa maji safi na kitambaa cha pamba, baada ya kupuliza vumbi kwanza, maana chembe ya mchanga chini ya kitambaa inakwaruza. Kamba yangu ni nyekundu. Ya kijani au ya kahawia ukiiangusha kwenye majani, utaitafuta mpaka jua lizame.

Kwa anayefundisha, nunua kadhaa za mara 10 badala ya moja ya gharama kubwa. Mtu mmoja akiangalia meno yanavyosogea na wengine wanasubiri zamu, meno yanakauka na kunyamaza. Kwa mtoto, chagua yenye kioo kipana zaidi hata kama ni ya vioo viwili, kwa sababu kulilenga jani ndiko kunakomchosha. Na ile ya mara 20? Picha yake ni nyembamba, mwanga ni kidogo, mkono ukitikisika kidogo tu mmea umepotea, na ni lazima uso ukaribie mpaka pumzi yako inalowesha kioo. Inunue baadaye, siku utakapokuwa na jani lenye Lejeuneaceae mkononi na mara 10 ikakuonyesha kwamba kuna kibweta chini ya jani lakini ikashindwa kukuonyesha kama kina jino moja au mawili.